Kiingereza hakiji kwa katuni pekee: Mwache mtoto atunge hadithi yake

Mwanza. Septemba mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili. Miezi michache baadaye, Januari, ameketi kidato cha kwanza na baiolojia, jiografia, hisabati, karibu kila kitu, kimehamia kwenye Kiingereza. Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi ya umma Igoma, Buswelu, Sengerema au Nansio, huo ni mpaka usio na kivuko wala daraja. Shule huanza na wiki kadhaa za kozi ya awali ya lugha, lakini wiki kadhaa ni chache kwa jambo ambalo hakulizoea kwa miaka saba.

Mzazi mara nyingi hugundua tatizo kwa njia ya pembeni. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasa amekuwa bubu. Asubuhi ya kipindi cha Kiingereza tumbo linamkata, kichwa kinamgonga. Kanda ya Ziwa wazazi wamezoea kufikiria malaria, minyoo na kichocho kwanza, na wana haki, mtoto apimwe. Lakini maumivu yanayopona Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, na vipimo havionyeshi kitu, yana habari nyingine ya kusema.

Habari yenyewe mara nyingi ni aibu. Kwenye madarasa mengi ukikosea Kiingereza unachekwa, ukiongea Kiswahili unaadhibiwa. Wako watu wazima wanaokumbuka kibao cha kuning'inizwa shingoni kwa aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia Mei 2025, aliieleza adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, akikumbuka shule za utoto wake enzi za ukoloni. Ukoloni uliondoka, kibao kikabaki kwa sura nyingine.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokimbilia simu. Bando linanunuliwa, YouTube inafunguliwa, mtoto anawekewa katuni za Kiingereza akiamini mzazi kwamba lugha itaingia yenyewe.

Kutazama na kusema ni vitu viwili

Katuni nzuri zina faida, na baadhi zimetengenezwa hapa hapa nchini. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam inayotengeneza Ubongo Kids na Akili and Me, imewafundisha watoto wengi herufi, namba na maneno ya Kiingereza kwa sura na mazingira wanayoyajua. Mtoto wa miaka minne anayemwimbia bibi yake rangi kwa Kiingereza hajapoteza muda.

Tatizo linakuja kwa mtoto wa darasa la tano anayeweza kutazama saa mbili mfululizo, akacheka mahali pa kucheka, kisha ukimuuliza swali moja kwa Kiingereza anatazama chini. Masikio yake yamefanya kazi. Mdomo haujafanya chochote. Lugha ya pili inahitaji mtu wa kuitumia, sababu ya kuitumia, na nafasi ya kukosea.

Tanga ilitoa somo zuri kuhusu hili. Kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 2,700 katika vijiji vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Idadi ya wasioweza kusoma ilipungua sana, na programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10 za Marekani. Ila angalia lugha: walijifunza kusoma Kiswahili, lugha waliyokuwa wanaisikia kila siku. Kishikwambi kiliunganisha herufi na maneno ambayo tayari yalikuwa kinywani. Kwa Kiingereza, mtoto wa Magu au Kwimba hana maneno hayo bado.

Na upande wa pili wa ziwa, Kisumu, kuna ushahidi unaopaswa kumpunguzia presha mzazi asiye na fedha za kishikwambi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa vya kielektroniki kufundisha kusoma Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya chini: kumpa kifaa mkufunzi anayewatembelea walimu, kumpa mwalimu, au kumpa kila mwanafunzi. Makundi yote matatu yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikuwa kwenye mpango. Lakini kati yao hakukuwa na tofauti kubwa, na kumpa mkufunzi ndiko kulikogharimu kidogo zaidi. Kilichofanya kazi ni ufundishaji. Kifaa kilikuwa msaidizi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu kwenye kikao cha wazazi ni dogo na la moja kwa moja: kwa kifaa hiki, mtoto wangu anatazama nini, au anatengeneza nini?

Dubwana la Usukumani katika darasa la Kiingereza

Vyombo vya kutengenezea vipo, na vingine ni vya bure. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ambao tovuti yake ilizinduliwa 2014, ni maktaba ya vitabu vya picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiingereza zikiwamo. Mwalimu anaweza kusoma, kuchapa, kutafsiri, na la muhimu zaidi, kutunga kitabu kipya kwa kutumia picha zilizomo au za kwake. Ina programu ya simu ya kusomea na nyingine ya kutungia. StoryWeaver ya India, iliyoanzishwa na Pratham Books mwaka 2015, inafanya kazi inayofanana na hiyo. Ukiongeza rekoda ya sauti na kamera zilizomo ndani ya kila simu janja, unayo karakana ya kutosha.

Chukua mfano wa hadithi ambayo bibi wengi wa Kisukuma wanaijua. Dubwana Shing'weng'we lilimeza watu na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto, Masala Kulangwa. Kijana alipokua akamuuliza mama yake watu wengine wako wapi, mama akamweleza. Masala akaingia porini. Akarudi na panzi: mama, Shing'weng'we ndiye huyu? Hapana, mwanangu. Akarudi na ndege. Hapana. Akarudi na swala. Hapana. Mwisho akakutana na dubwana lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Isipokuwa bibi kizee mmoja ambaye kisu kilimpitia sikio, akakasirika kweli kweli, ikabidi Masala amtafutie dawa.

Mwalimu yeyote wa lugha akiisikia hadithi hii anapaswa kusugua mikono. Ndani yake kuna swali moja linalorudi na kurudi, "Mother, is this Shing'weng'we?", na jibu moja linalorudi, "No, my son, it is not." Mtoto anayelisema swali hilo mara sita kwa sababu hadithi inamtaka alirudie hajisikii anafanya zoezi. Kinachobadilika ni mnyama tu. Darasa linaweza kuongeza wa kwao: kenge wa kwenye mawe, mamba, kiboko, kamongo. Wanyama sita, sentensi ile ile, na wakati uliopita unaingia wenyewe kila Masala anapoua kitu.

Darasa la watoto 80 na simu moja ya mwalimu si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Watoto wanagawanywa makundi kumi, kila kundi linapewa ukurasa mmoja. Siku ya kwanza hakuna simu kabisa, wanachora kwenye karatasi na kuandika sentensi mbili chini ya picha. Mwalimu anapita, anasahihisha pale pale kwenye rasimu, "he go" inakuwa "he went", bila kumsimamisha mtu mbele ya darasa. Siku ya pili anapiga picha michoro. Siku ya tatu kila kundi linatoka nje, chini ya mwembe au nyuma ya darasa, kurekodi ukurasa wake.

Kurekodi ndiko kunakobeba uzito wote wa shughuli hii. Mtoto mwenye aibu anasema sentensi yake, anaisikiliza, haipendi, inafutwa. Anasema tena. Mara ya nne imenyooka, ndiyo hiyo darasa linasikia. Zile tatu za mwanzo hakuna aliyezisikia zaidi ya wenzake wachache na simu. Kwenye kipindi cha kawaida mtoto huyo angepata nafasi moja, ya wazi, mbele ya watu 80, na kicheko kinamsubiri.

Mwishoni kuna kitabu cha kurasa kumi chenye picha za watoto wenyewe na sauti zao. Kinaweza kuwekwa kwenye simu ya mzazi kwa WhatsApp. Kinaweza kuchapwa stationery na kutundikwa ukutani.

Hadithi zisiwe za kale tu. Watoto wa Kirumba wanaujua mwalo kuliko waandishi wa vitabu vyao, wanajua dagaa wanaanikwa vipi na mvua ikija ghafla nani anakimbilia nini. Wa Misungwi na Sengerema wanaweza kuandika kuhusu foleni za kivuko cha Kigongo–Busisi na siku walipopita kwa mara ya kwanza juu ya Daraja la JP Magufuli lililozinduliwa Juni 2025. Hapo Kiingereza kinalazimika kumfuata mtoto alipo. Kuna raha ndogo pia ya kugundua kwamba lugha hiyo inayoogopwa inahangaika mbele ya samaki wa Victoria: sato anaitwa "tilapia", sangara "Nile perch", lakini ukifika kwa dagaa wa hapa, hata Waingereza wanaandika tu dagaa.

Ukerewe, kisiwa kinachoonekana kama kiko mbali na kila kitu, kina historia yake katika jambo hili. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Kiingereza kilikuja 2002, kwa kazi ya Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika. Lugha ya nyumbani kwanza, Kiswahili kikafuata, Kiingereza mwishoni. Watoto wanaoanza na hadithi ya bibi wanapita njia hiyo hiyo, kwa wiki mbili.

Kishikwambi kiko kabatini?

Hoja ya gharama inatajwa sana na wakati mwingine inatajwa haraka mno. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, Serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye kazi hiyo. Mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, vya shule ya mwanawe vinafanya kazi gani. Kupiga picha na kurekodi sauti hakuli bando. Bando linahitajika siku ya kupakia kitabu au kupakua vipya, na mwalimu akipakua akiwa na mtandao, vitasomwa baadaye bila mtandao. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina vitabu vya kiada bila malipo, ingawa vile ni vya kusoma.

Umeme ni suala jingine, hasa visiwani. Simu iliyochajiwa usiku inatosha vipindi viwili. Projekta ikikosekana, spika ndogo ya bluetooth inatosha darasa kusikia.

Shule nyingi za umma haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na katika shughuli hii hakuna sababu ya kulibadilisha hilo. Simu inabaki ya mwalimu.

Macho, usingizi na jina la mtoto

Nyumbani ndiko mambo huharibika. Mtoto akisikia kwamba simu inafundisha Kiingereza, ameshapata hoja ya kuishika hadi saa nne usiku. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwa watoto wa chini ya miaka mitano: chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kwa wenye miaka 5 hadi 17, mwongozo wa 2020 unataka wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku na kupunguza muda wa kukaa mbele ya skrini kwa burudani.

Kwa vitendo, dakika 20 za kurekodi au kusoma, kisha mtoto anyanyue macho atazame mbali kwa muda, aende nje. Mwanga wa mchana na kucheza nje vinasaidia kupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali. Simu itoke chumbani saa moja kabla ya kulala.

La pili ni usiri. Kitabu kinachochapishwa kwenye maktaba ya wazi kinaonekana na dunia nzima. Jina kamili la mtoto, sura yake, jina la shule na njia anayopita kwenda nyumbani havina kazi humo. Jina la kwanza na mchoro vinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihusu pia taarifa za mtoto, hivyo shule ikiomba idhini ya mzazi kabla ya kurekodi haimsumbui. Isipoomba, mzazi aulize. Na mtoto wa shule ya msingi hana sababu ya kufunguliwa akaunti kwa umri wa uongo, kwani WhatsApp na mitandao mingi mikubwa inataka angalau miaka 13.

Kuna pia programu za akili unde zinazoandika hadithi nzima kwa sekunde chache. Kwa mwalimu anayetafuta mawazo ya kipindi zinaweza kumwokolea muda. Kwa mtoto anayejifunza sentensi zake za kwanza, ni sawa na kumlipa mtu akukimbilie mazoezi. Kiingereza kitatoka safi, kisiwe cha mtoto.

Asiyeona ubao

Kabla ya kuamua kwamba mtoto ni mzito wa lugha, kuna maswali mawili ya kiafya ambayo ni rahisi kusahaulika. Je, anaona ubao? Je, anasikia vizuri? Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia tofauti ya sauti ndogo za Kiingereza hataweza kuzitamka. Kwa Kiswahili alijaziliza kwa mazoea. Kwa lugha ngeni hana cha kujaziliza.

Kwa watoto wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu, kitabu cha kielektroniki kina faida ambayo cha karatasi hakina: vidole viwili vinakuza herufi na picha mpaka zionekane. Sauti iliyorekodiwa inamsaidia asiyeona kabisa kushiriki ukurasa wake kama wengine. Hii haifuti miwani, kofia wala kiti cha mbele, na uchunguzi wa macho ufanyike mapema, katika hospitali ya wilaya au kliniki ya macho ya Bugando kwa rufaa.

Mzazi asiyejua Kiingereza hajaachwa nje. Hadithi inaanza kwake. Mtoto akitumwa na mwalimu kuja kuuliza Shing'weng'we alikuwa na umbo gani, au zamani mitumbwi ilitengenezwaje, aelezwe kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kiswahili, kwa urefu, bila haraka. Rekodi ikirudi jioni kwenye simu, isikilizwe yote, sauti juu, na wadogo zake wakiwapo. Wala asiulizwe mbele yao alipata ngapi.